Usiombe "steki": vipande vya ng'ombe vya kuchoma nyumbani, kuanzia kilicho bora

Ingia bucha lolote la Dar es Salaam uombe kilo ya steki. Utapimiwa nyama isiyo na mfupa, na hapo muuzaji amekutimizia. Inaweza kuwa ya paja, ya bega, hata ya shingoni. Hajakudanganya, maana kwa lugha ya bucha steki ni nyama yoyote ambayo si mchanganyiko, yaani ile inayopimwa pamoja na mifupa. Nairobi ni vilevile. Kwa mchuzi au pilau haina shida, utaichemsha mpaka ikubali yenyewe. Ila ukiiweka juu ya mkaa kwa dakika nane ndipo utajua ulichonunua.

Mimi nilijua mbele ya mashemeji. Nilinunua kilo mbili asubuhi, nyama nyekundu, bado ina uvuguvugu wa machinjioni, na mchana huohuo ikawa motoni. Shemeji mkubwa alianza kutafuna kipande chake taarifa ya habari inaanza, ikafika michezo bado yupo nacho. Mwishowe akakitoa kwa adabu ndani ya tishu. "Nyama tamu, shemeji," akasema, "ila huyu ng'ombe alikuwa mwanariadha."

Alisema kweli kuliko alivyodhani. Ng'ombe wetu wengi ni zebu wa asili, mwenye nundu na mafuta kidogo, aliyetembea sana kutafuta maji na malisho kabla hajafika mnadani. Msuli uliobeba kazi hiyo, yaani paja, muundi, shingo, umejaa nyuzi nene na kano. Msuli wa mgongoni haukutembea popote, ulikuwa abiria. Kwa hiyo mpangilio wangu unaangalia kwanza ulaini kwenye moto wa haraka, halafu bei, halafu kama kipande kinapatikana bucha la kawaida au ni lazima uende supamaketi.

Ya kwanza: sarara ya mgongoni. Ni ile nyama ndefu inayolala pande mbili za uti wa mgongo, juu ya mbavu, kutoka nyuma ya bega kwenda kiunoni. Supamaketi wameigawa: ya mbele wanaiita ribai, ya nyuma saloini. Ukiweza kuchagua, chukua ribai, kwa sababu ina mafuta yaliyopenya katikati ya nyama, na mafuta hayo ndiyo yanayoinusuru ukichelewa kuigeuza. Saloini ina utepe wa mafuta pembeni. Usimruhusu mtu aukate kabla ya kuchoma.

Bucha la mtaani unaipata, lakini uwahi, na useme mapema. Mazungumzo yangu huwa hivi:

"Kaka, hiyo ya mgongo usiipige panga. Nitolee kipande kizima."

"Bosi, hii huwa naichanganya na steki nyingine."

"Leo usichanganye. Nitakupa bei ya steki na ya soda juu."

Kisha naikata mwenyewe nyumbani, unene wa vidole viwili. Kipande chembamba huiva ndani kabla nje hakijapata rangi, na hilo ndilo kosa la nyama nyingi za kuchoma majumbani.

Ya pili: nyama ya juu ya kombe la bega. Hapa najua nitabishiwa, kwa sababu bega zima lina sifa ya ugumu. Lakini kuna msuli mmoja bapa, uliolala juu kabisa ya kombe la bega, ambao kwa ng'ombe mzima unashindwa ulaini na fileti peke yake. Adui yake ni mmoja: katikati yake kumepita kano pana, nyeupe, kama karatasi ngumu. Ukiipika na kano hilo, umeharibu. Pitisha kisu kikali juu yake, uchune kama unavyochuna ngozi ya samaki, upate minofu miwili bapa. Bei ni ya steki ya kawaida, kwa kuwa buchani haina jina lake. Mwonyeshe muuzaji kwa kidole. Akishakuzoea atakuwekea.

Ya tatu: fileti. Ndiyo laini kuliko zote, hilo halina ubishi. Imejificha ndani, chini ya uti wa mgongo karibu na figo, na haifanyi kazi yoyote ya maana maishani mwa ng'ombe. Mbona nimeishusha? Kwanza, kila ng'ombe ana mbili tu, na kwa zebu mdogo moja huwa kama kilo hivi, kwa hiyo hoteli zinazigombea na bei inapanda. Pili, haina mafuta. Ikipitiliza moto kidogo inakauka na kuwa kama pamba. Ladha yake nayo ni ya upole mno kwangu. Mnunulie mgonjwa, mzee asiye na meno au mgeni unayemheshimu sana, na uangalie saa wakati unachoma. Jihadhari pia na "fileti" yenye bei ya kushangaza. Fileti halisi ni ndefu, nene upande mmoja na iliyochongoka upande wa pili. Ukiletewa kipande cha mraba, hicho ni kitu kingine.

Ya nne: rampu, nyama ya nyonga, mgongo unapoishia na paja kuanza. Ladha ni nzito kuliko fileti, bei ni nafuu, ulaini ni wa bahati: kwa ng'ombe mchanga aliyenoneshwa ni nzuri sana, kwa mzee utarudi kwenye taarifa ya habari.

Ya tano: tiboni. Inapendeza kwenye picha. Upande mmoja wa mfupa una saloini, wa pili una fileti, na hizo mbili haziivi kwa kasi moja. Mfupa unaulipia kwa kilo. Isitoshe, inahitaji msumeno. Ikikatwa kwa panga unakula vipande vya mfupa. Supamaketi tu.

Paja, kidari na nundu sijaviweka kwenye orodha kwa makusudi. Nundu naipenda, lakini inataka moto wa taratibu na saa kadhaa. Hiyo ni nyama choma ya Jumapili, si steki.

Sasa suala linaloniletea ugomvi nyumbani. Sisi tumelelewa kuamini nyama bora ni ya leo, na "nyama iliyolala" ni tusi. Kwa mchuzi, sawa. Kwa kuchoma haraka, nyama ya leo ndiyo ngumu kuliko zote. Saa chache baada ya kuchinja misuli hukakamaa, na kwa siku nzima au zaidi hubaki hivyo. Baadaye vimeng'enya vya nyama yenyewe huanza kulegeza nyuzi polepole, mradi ikae kwenye baridi. Ndiyo maana nyama ya ng'ombe ya steki huachwa wiki moja hadi mbili kwenye chumba cha nyuzijoto 0 hadi 4.

Nyumbani siendi huko. Nanunua asubuhi sana, nakausha kwa karatasi ya jikoni, naweka juu ya waya wenye sahani chini, rafu ya chini ya friji, siku tatu. Umeme ukiwa wa kukatikakatika, acha. Nunua iliyofungwa bila hewa supamaketi, ambako imeshakaa baridini. Hiyo usiogope rangi yake ya zambarau. Ikipata hewa inarudi kuwa nyekundu. Na nyama yenye joto la machinjioni usiitupe moja kwa moja kwenye friza. Itaganda kabla haijakakamaa, halafu ikiyeyuka inajikunja na kumwaga maji.

Ukiwa mbele ya ndoano, tafuta kwanza muhuri wa mkaguzi. Angalia nyuzi: nyembamba na zilizobanana ni dalili njema. Mafuta ya manjano yasikutishe, mara nyingi ni ya ng'ombe aliyekula majani mabichi. Kinachonitisha mimi ni nyama mbichi yenye rangi nyeusi na inayonata vidoleni. Mara nyingi ng'ombe huyo alichinjwa akiwa amechoka na safari, na nyama yake huharibika upesi. Ukiona vijipovu vyeupe kama punje za mchele ndani ya msuli, ondoka. Huo ni tegu.

Kwa sababu ya tegu hiyohiyo siili nyama ya bucha ikiwa inavuja damu, hata kama ndiyo mtindo. Kipimajoto cha jikoni si ghali: nyuzi 63 katikati ya kipande, kisha dakika tatu za kupumzika nje ya moto, bado utakuta waridi kidogo na majimaji. Mama yangu anataka 71, na ribai inavumilia. Fileti haivumilii.

Papai bichi linasaidia, watu wa mishkaki hawakukosea. Lakini ni kwa rampu na nyama yenye mashaka, lililosagwa na kupakwa nusu saa, si usiku kucha, vinginevyo nje itakuwa uji na ndani ngumu palepale. Sarara nzuri inataka chumvi tu, saa moja kabla.

Mkaa usogeze upande mmoja wa jiko. Piga rangi pande zote upande wenye moto, malizia upande usio na mkaa, geuza kwa koleo, uma uache mezani. Wakati wa kukata, kingamiza kisu na nyuzi, usizifuate. Kwa mtu mzima nakadiria gramu 250 mbichi, bila mfupa. Shemeji mkubwa namhesabia watu wawili.