TAHADHARI: Tela la baiskeli la mtoto lililozibwa ufa kwa puti na kupakwa rangi mpya

Ndugu zangu, hasa wazazi mlioko Milton Keynes, Luton, Northampton na miji ya jirani: kuna mtu anauza matela ya baiskeli ya watoto kwenye makundi yetu ya WhatsApp ya Waswahili. Nazungumzia zile nusu baiskeli zenye gurudumu moja, kiti, usukani na pedali, zinazofungwa nyuma ya baiskeli ya mzazi ili mtoto apige pedali huku anavutwa. Anayakusanya yaliyochakaa, anayapaka rangi upya, anasema ameyafanyia sevisi. Nililonunua mimi lilikuwa na ufa kwenye mkono, yaani bomba linaloliunganisha na baiskeli ya mzazi, umezibwa kwa puti na kufunikwa kwa rangi ya kijani. Nimelifungua kipande kwa kipande na picha ninazo. Kama umenunua kwake, tafadhali usimpandishe mtoto kabla hujasoma haya.

Jina lake sitaliandika hapa. Nimeshalipeleka panapohusika na viongozi wa kundi letu wanalo. Namba za simu anabadilisha, lakini maneno yake ni yale yale, ndiyo maana naeleza anavyofanya.

Tangazo lilisema hivi: mtoto wangu amekua, tela halitumiki tena, limefanyiwa sevisi kamili, pauni 60. Jipya la aina hiyo huku linavuka pauni 100, kwa hiyo bei ilinivutia. Picha zilikuwa tatu, zote za mbali, zote zimepigwa upande mmoja. Nilipompigia akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Tanga. Akafurahi sana, akasema na yeye ni mtu wa huko huko. "Kaka, mtoto wako ni mtoto wangu. Siwezi kukupa kitu kibovu." Halafu akataka nitangulize pauni 20 ya kunishikia, kwa kuwa kuna mama mwingine analisubiri. Nikatuma. Akaniuliza unene wa bomba la kiti cha baiskeli yangu, maana tela hufungwa hapo, nikamwambia milimita 27.2, akajibu kwamba ataliweka sawa, nisiwe na wasiwasi.

Tulikutana kwenye maegesho ya magari ya duka kubwa, mwezi wa kumi na moja, saa kumi na moja jioni. Anayeishi Uingereza anajua kwamba saa hizo mwezi huo ni giza tupu. Alikuwa na haraka, injini ya gari haikuzimwa. Nilizungusha pedali, nikabonyeza tairi, nikaona rangi inang'aa chini ya taa. Nikammalizia pauni 40.

Jumamosi yake nilimtoa binti yangu, ana miaka mitano, kwenye Redways, zile njia nyekundu za baiskeli na waenda kwa miguu zinazozunguka Milton Keynes yote, zaidi ya kilomita 300, magari hayaruhusiwi. Nashukuru Mungu tulikuwa huko na si barabarani. Hatukufika hata kilomita mbili akaniambia, "Baba, kiti kinalala." Nikageuka nikaona kweli: baiskeli yangu imesimama wima, yeye kalalia kushoto. Nikasimama, nikamshusha. Pale mkono unapojikunja kwenda juu kwenye kiungio, kile kinachobana bomba la kiti cha baiskeli yangu, rangi ilikuwa imechanika mstari mwembamba kama unywele. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nakokota baiskeli, yeye kanishika mkono ananiuliza kama amekosea.

Marehemu baba yangu alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli Ngamiani, Tanga. Mteja akileta fremu ya mtumba, mzee alikuwa anapitisha ukucha kwenye kila kiungo kabla hajataja bei, taratibu, macho ameyafumba. Sikufanya hivyo kule kwenye maegesho, nikafanya jikoni kwangu. Ukucha ulikwama palepale kwenye mstari. Nikachukua sumaku ya kwenye friji, nikaitembeza juu ya bomba. Mkono wa tela lile ni wa chuma, kwa hiyo sumaku ilishika kote, ilipofika kwenye kona ikadondoka mezani. Nikarudia mara tatu. Hapo nikachukua kisu na msasa. Rangi ikatoka kama ganda, chini yake puti ya kijivu, ile wanayozibia mabodi ya magari, na chini ya puti chuma kimepasuka kutoka ukingo wa weldingi, kimezunguka zaidi ya nusu ya bomba. Ndani ya ufa kulikuwa na kutu ya kahawia iliyokomaa. Ufa ule ulikuwepo zamani, kabla ya rangi, na aliyepaka puti aliuona kwa macho yake, kwa sababu huwezi kuziba usichokiona.

Ndugu, mkono ndio kila kitu kwenye tela la namna hii. Uzito wa mtoto unabebwa na gurudumu la nyuma kwa upande mmoja na mkono kwa upande wa pili. Kila ukipiga pedali baiskeli yako inayumba kidogo kulia na kushoto, na mkono unasokotwa. Kila shimo unalopita, unakunjwa. Chuma kikikunjwa na kukunjuka maelfu ya mara kinachoka, na kinaanzia kupasuka pale weldingi inapoishia. Ukikatika ukiwa kwenye mwendo, ncha inaanguka chini na kujichomeka kwenye lami, na mtoto anatupwa mbele. Tela lenyewe halina breki, kwa hiyo mtoto hana la kufanya.

Kiungio nacho kilinitia uchungu. Kilikuwa cha bomba la milimita 28.6, langu ni 27.2. Vipo vijibomba maalumu vya kujaza tofauti hiyo, vigumu, vinavyokaa sawasawa. Yeye alikata kopo la soda, akakunja vipande tabaka kwa tabaka, akavizungusha. Nilipolegeza boliti vikatoka vimesagika. Bushi za plastiki, ambazo ndizo zinazozuia tela kulala upande, zilikuwa zimelika hadi kubaki ngozi tu. Na ile pini inayoshikilia kiungio, ambayo huwa na kijipini kidogo cha usalama ili isichomoke, haikuwepo. Mahali pake palikuwa na msumari uliokunjwa.

Msumari! Mtoto wa miaka mitano anavutwa kwa msumari.

Nilimtumia muuzaji picha. Kwanza akasema labda nimegonga ukuta. Nikamwonyesha kutu ndani ya ufa. Akasema, "Kwani kwa pauni sitini ulitegemea kipya?" Kisha akanifungia. Nilipouliza kwenye kundi, dada mmoja wa Luton akaja na tela la zambarau kutoka kwa mtu huyo huyo, maneno yale yale ya mtoto amekua. La kwake mkono ulikuwa mzima, lakini kiungio kimejazwa makopo vilevile. Kaka mwingine wa Northampton alituma pauni 20 na hakuona hata tairi. Kwa hiyo huyu hauzi tela la mtoto wake. Ni mfanyabiashara anayejifanya mzazi, na kwa sheria za Uingereza hilo peke yake ni kosa.

Sisemi kwamba tela la zamani ni baya. Ningependa hili lieleweke, maana nimeona watu kwenye kundi wanasema wataacha kabisa mitumba. Yapo ya miaka ishirini yanayotembea vizuri, na vitu vingi vinavyokufa kwenye matela haya ni vya bei ndogo. Cheni ikikaa nje kwenye mvua inashika kutu na kukakamaa, unaibadilisha. Friwili ikinata, mtoto akiacha kupiga pedali zinaendelea kuzunguka na kumgonga miguu, unaisafisha na kuitia oili, ikigoma unaweka nyingine. Gololi za gurudumu zinataka grisi mpya. Bushi za kiungio zinanunuliwa peke yake kama kampuni iliyotengeneza bado ipo, na ndicho kitu cha kwanza cha kubadilisha kwenye tela lolote kuukuu. Tairi lisikudanganye: kuna inchi 20 mbili tofauti. Ukiona limeandikwa 406 pembeni, yaani kipenyo cha rimu kwa milimita, usilete la 451, halitaingia hata ulibembeleze, ingawa dukani yote yanaitwa inchi 20.

Ila mkono uliopasuka si wa kuchomelea uani. Najua mafundi wetu wana mikono ya dhahabu, na huko nyumbani tumepanda baiskeli zilizochomelewa mara nne. Lakini bomba lile ni jembamba, na moto wa weldingi unadhoofisha chuma cha pembeni, kwa hiyo linakatika tena sentimita moja kutoka hapo. Kwa kubebea mkaa ningejaribu, si kwa mtoto.

Mkienda kuona tela, kwa huyu au kwa mwingine yeyote, nendeni mchana, na mbebe sumaku na kitambaa. Futeni mkono wote, hasa penye kona, penye weldingi, na pale unapokunjwa au kutenganishwa vipande viwili kwa ajili ya kubeba. Pitisheni ukucha. Sumaku ikishika bomba lote halafu iachie sehemu moja, hapo pana puti. Kama haishiki popote, mkono ni wa aluminiamu, na hapo mnategemea macho na ukucha tu. Rangi mpya kwenye mkono peke yake, wakati kiti kimepauka na usukani una mikwaruzo, mimi kwa sasa naihesabu kuwa sababu tosha ya kuondoka. Afadhali tela lililochubuka, chuma chake unakiona.

Kisha lifungeni kwenye baiskeli yenu palepale. Muuzaji asiyekubali lifungwe ana sababu. Mtu mmoja ashike baiskeli iwe wima kabisa, mwingine ashike kiti cha tela alisukume kulia na kushoto. Likilala lenyewe bila baiskeli kulala, bushi zimekwisha au kiungio si cha saizi yenu. Bomba la kiti lipimwe, namba yake huwa imechongwa sehemu ya chini inayoingia kwenye fremu: 25.4, 27.2, 31.6 na kadhalika. Kama bomba lenu ni la kaboni, msifunge tela hapo hata kidogo, kaboni haikutengenezwa kubanwa na kusokotwa namna ile. Tafuteni pia stika ya uzito wa mwisho wa mtoto. Kwenye langu stika na namba ya fremu vyote vilikuwa vimefunikwa na rangi, na namba iliyofunikwa inaweza pia kuwa ni mali ya wizi. Huku kuna BikeRegister, daftari la mtandaoni la baiskeli, unaweza kuingiza namba ya fremu na kuona kama imeripotiwa.

Fedha msitangulize. Hakuna tela la kushikiwa. Anayewaambia kuna mama mwingine analisubiri, mwambieni ampe huyo mama.

Kwa waliokwisha kununua: kwa kuwa huyu ni mfanyabiashara, Consumer Rights Act ya 2015, sheria ya haki za wanunuzi, inawapa siku 30 za kurudisha bidhaa mbovu na kudai fedha zote. Hata angekuwa mzazi wa kweli, haruhusiwi kusema kitu kimefanyiwa sevisi wakati amekiziba puti. Mimi nilipiga Citizens Advice, shirika la ushauri kwa wananchi, 0808 223 1133, ni bure. Wanapokea malalamiko na kuyapeleka Trading Standards, maafisa wa kusimamia biashara, wa eneo lenu. Nilikuwa na wasiwasi na Kiingereza changu cha simu, lakini mama aliyepokea simu alinisikiliza kwa subira mpaka mwisho. Wekeni ujumbe wote wa WhatsApp, msifute hata akiwafungia, na pigeni picha kabla ya kukwangua, wakati mnakwangua, na baada ya hapo. Naelewa kuna wanaoona vibaya kumshtaki Mswahili mwenzetu ugenini. Na mimi nililala na wazo hilo usiku mmoja. Asubuhi binti yangu akaniuliza kama leo tunatoka na baiskeli, nikapiga simu.

Lile la kijani nimelikata mkono kwa msumeno vipande viwili, ili lisirudi sokoni kwa mtu mwingine. Gurudumu na cheni nimebakiza.

Kuna tela la tatu ninalolijua. Ni la bluu, kiti cheusi, bendera ndogo ya njano nyuma, lilikuwa kwenye gari lake jioni ile na aliniambia limeshalipiwa, analipeleka kwa mteja Bedford. Sijampata aliyelinunua. Kama ni wewe, au umeliona limeegeshwa kwa jirani au nje ya shule, niandikie au mwonyeshe mwenyewe picha zangu leo. Aangalie kona ya mkono, upande wa chini, kabla mtoto hajakaa.