Uzoefu wangu: miezi mitano na baiskeli ya mbio ya Kifaransa iliyotumika

Mwezi wa pili nilinunua kwa mfanyabiashara wa mitumba hapa Moshi baiskeli ya mbio iliyotengenezwa Ufaransa miaka ya 1970, kwa shilingi 180,000, nikiwa nimedhamiria kuifufua mwenyewe nyumbani Pasua, jioni baada ya kazi. Fremu yake ya chuma ilikuwa imenyooka, na kutu iliyoonekana ilikuwa ya juujuu tu. Naandika kwa ajili ya yeyote anayeitamani baiskeli ya aina hii, kwa sababu kilichonitesa si ile kutu niliyoiona siku ya kununua, bali vipimo ambavyo kwa macho huwezi kuvitofautisha na vile tulivyovizoea.

Nilijifunza ufundi kwenye Raleigh ya marehemu babu. Katika baiskeli za Kiingereza, kikombe cha gololi kilicho upande wa mnyororo, pale inapopita ekseli inayounganisha mikono ya pedali, hufunguliwa kwa kuzungushwa kulia, kinyume cha nati ya kawaida. Ndivyo nilivyofanya. Kwa jioni tatu nilikizungusha kulia, nikamimina mafuta ya kulegeza kutu, nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu zaidi, hadi spana ikateleza na kusaga kingo za kikombe. Hakikusogea hata kidogo, nami nilianza kuamini kwamba fremu imeharibika.

Niliibeba hadi kwa fundi mmoja wa Majengo, mzee ambaye hakuwahi kushika baiskeli ya Kifaransa. Alimulika tochi ndani ya bomba la fremu, akaangalia thredi, yaani mistari ya skrubu, zimelalia upande gani, kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu, siku zote hizi ulikuwa unaikaza." Baiskeli za Kifaransa za enzi hizo zina thredi ya kawaida pande zote mbili, na kwa kuwa kikombe cha upande wa mnyororo huelekea kujifungua chenyewe mtu anapoendesha, kiwandani walikikaza sana. Mzee alikibana kikombe kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, tukaishika fremu yenyewe kama mpini mrefu, tukaizungusha kushoto kwa pamoja. Kilitoa mlio mmoja mkali, kikaachia.

Hapo nilidhani kazi imekwisha, nikaenda kutafuta vikombe vipya. Vinavyopatikana madukani kwetu ni vya kipimo cha Kiingereza, chenye kipenyo cha milimita 34.8, wakati fremu yangu inataka milimita 35, na hata nafasi kati ya jino na jino la thredi hazilingani. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba kikombe huanza kuingia vizuri kabisa, na hapo ndipo penye hatari, kwani ukikilazimisha unakula thredi za fremu, na fremu ikiliwa thredi haina mbadala hapa. Nilivirudisha vile vya zamani baada ya kuviosha kwa dizeli, nikaweka gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande, na grisi ya kutosha. Ekseli inazunguka vizuri.

Shina la usukani nalo lilinichelewesha. Ni la alumini ndani ya uma wa chuma unaoshika gurudumu la mbele, na metali hizo mbili zikikaa miaka mingi na unyevu hushikana kama zimechomelewa. Nililitoa kwa kuipindua baiskeli na kumimina amonia kwa chini, ambayo huila ile kutu nyeupe ya alumini. Shina lilipotoka, nilikuta lina ufa. Jipya lina milimita 22.2, na uma unapokea 22.0, hivyo nililipiga msasa kwa saa nyingi, nikipima kila mara kwa vernia, kile kipimo cha unene na kipenyo, hadi lilipoingia bila kugongwa. Matairi na breki havikunisumbua.

Je, nainunua tena? Ndiyo, kwa barabara ya TPC, kwenye mashamba ya miwa, ambako ni tambarare na baiskeli hii inakwenda kwa wepesi ambao sijaupata kwenye baiskeli yoyote ya Phoenix. Kwa mtu anayekaa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nasema hapana, kwa maana gia zake ni nzito mno kwa mlima ule. Na anayetaka kununua aende na vernia, apime kabla ya kutoa fedha.

Kilichobaki ni pedali ya kushoto, ambayo beringi zake zimekwisha na inagonga kila mzunguko. Thredi yake ni ya milimita 14, za madukani ni za inchi 9/16, yaani zinazidi kwa takriban milimita 0.3, na mikono ya pedali ni ya alumini laini. Fundi mkerezaji mmoja wa Arusha amekubali kuzipunguza ekseli mbili za pedali mpya na kuzichonga thredi upya. Nampelekea Jumamosi.