Alama za wahakiki au za wachezaji: zipi za kuamini kabla ya kununua gemu?

Kwa uharaka, wahakiki wanashinda. Hupewa gemu mapema, na ikitoka tu alama zao ziko tayari Metacritic, tovuti inayokusanya alama za gemu. Ila angalia walichezea mashine gani. Desemba 2020 gemu ya Cyberpunk 2077 ilipata alama za juu kwa sababu nakala zilizotangulia zilikuwa za kompyuta. Aliyenunua ya PS4, mashine ya gemu ya Sony, alikuta picha zinakwama na gemu inajizima yenyewe. Sony wakaiondoa kwenye duka lao mwezi huohuo. Jambo hili bado linaniuma: alama zile hazikuwa za uongo, zilikuwa za mashine nyingine.

Kwa hali ya gemu ilivyo leo, wachezaji wako mbele. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, huonyesha saa ambazo mtu amecheza, na maoni ya karibuni yametengwa na ya jumla, kwa hiyo sasisho likiharibu au kutengeneza gemu utaliona. Mhakiki ni nadra kurudi kubadili alama yake.

Tatizo la wachezaji ni hasira. Gemu ya The Last of Us Part II ilipotoka Juni 2020 wachezaji waliimiminia alama za sifuri Metacritic ndani ya saa chache, kabla watu hawajaweza kuimaliza.

Unanunua siku ya kwanza kwa bei kamili? Soma mhakiki aliyechezea mashine kama yako. Unasubiri punguzo? Soma wachezaji wa mwezi huu, na uanze na wanaolalamika.