Miji mizuri ya Ulaya ya kwenda likizo, nimeipanga kwa idadi ya ngazi mpaka kitandani

Mwaka jana mwezi wa tano mama alikuja kunitembelea hapa Köln kutoka Tanga, mara yake ya kwanza Ulaya, na mimi kwa kujifanya mtoto mwema nikasema lazima nimpeleke sehemu nzuri, zile za kwenye picha, nyumba za rangi rangi juu ya mwamba na bahari chini. Nikabuki chumba Corniglia, kile kijiji cha katikati kati ya vile vitano vya Cinque Terre kule Italia. Siku tatu, hela hairudishwi. Mwenye chumba kaandika "hatua chache kutoka stesheni" na mimi nikaamini, mtu mzima na akili zangu.

Sasa nikwambie jambo ambalo picha haikwambii. Stesheni ya Corniglia ipo chini kabisa usawa wa bahari, kijiji kipo juu kama mita mia hivi, na katikati yake kuna ngazi 382. Siyo makadirio, zinajulikana, zina mpaka jina lake, Lardarina. Kuna kibasi kidogo kinapandisha watu ila sisi tulifika jioni, kilikuwa kimeshamaliza kazi. Mama ana goti bovu. Na lile begi la kuburuza la kilo 23 alilotoka nalo Tanga alikataa katakata kuliacha Köln, eti dawa zake zimo humo, na khanga sita, na asali. Tulipanda karibu saa nzima. Kwenye kila kituo cha kupumzikia mama anakaa juu ya begi, anatoa tasbihi, anaangalia bahari, hasemi kitu. Mnaojua kina mama wa Tanga mnajua, akinyamaza ndo umeumia. Kufika juu gurudumu moja la begi halipo, na chumba chenyewe kipo gorofa ya tatu, lifti hakuna. Akasema tu, "Mwanangu, ungenipeleka Lushoto."

Tangu siku hiyo nimekuwa na ugonjwa mmoja, sichagui mji mpaka nijue kutoka mlango wa behewa mpaka kitandani kuna ngazi ngapi, na barabara ni ya lami au ya mawe. Basi. Chakula sitazungumzia, makumbusho sitazungumzia, hali ya hewa una simu angalia mwenyewe. Mji wa Ulaya wenye sura mbaya kwenye haya maorodho haupo, vyote vina kanisa, vyote vina mto, vyote vina maua dirishani, kwahiyo uzuri haukusaidii kuchagua kitu. Kinachotofautisha likizo na adhabu ni ile kilomita ya mwisho. Na nimeamua kuandika kwa sababu dada mmoja wa Nairobi kaniandikia anakuja na baba yake mwaka huu na orodha aliyopewa na wakala, jamani, kama imeandikwa na mtu anayeuza magoti ya bandia.

Namba moja kwangu ni Cochem, Ujerumani, kwenye bonde la mto Mosel, na nasema mapema kabisa nina upendeleo, mimi ni mtu wa Mosel, ukinitaka ubishi karibu. Unachukua treni ya Koblenz kwenda Trier, reli inafuata mto, unashuka na mji huo hapo, unatembea kando ya maji pametandazika kama Barabara ya Ishirini pale Tanga, begi linaburuzika lenyewe. Juu kwenye kilima kuna ngome, Reichsburg, ile kama ya kwenye keki ya harusi. Wafaransa waliibomoa mwaka 1689, ikakaa gofu karibu miaka mia mbili, mpaka tajiri mmoja wa Berlin akaijenga upya karne ya 19. Raha yake ni kwamba huhitaji kupanda kuifaidi, ukikaa benchi chini unaiona yote na mwanga wa jioni ukiipiga, ukitaka kupanda kuna kibasi, na kuna vile viti vya kuning'inia kwenye waya vinakupeleka kilima kingine ukaiangalie kwa ng'ambo. Mama nilimpeleka huko wiki mbili baada ya ile aibu ya Italia, na begi lake lile lile la magurudumu matatu. Akaangalia mizabibu ilivyopangwa mistari mpaka kwenye miteremko ambayo mbuzi angefikiria mara mbili, akasema kumbe hawa ndo waliotupandia mkonge. Nikamwambia ndo hao hao, na lile handaki la treni tutakalopita kesho, la zaidi ya kilomita nne, limepewa jina la Kaiser Wilhelm, babu yake yule Wilhelm ambaye Lushoto yenyewe ilikuwa inaitwa Wilhelmstal kwa jina lake. Akacheka. Kwangu hiyo ilikuwa msamaha.

Kasoro zake? Ni mji wa mvinyo, kila mlango wanauza mvinyo, kama hunywi utakunywa juisi ya zabibu mpaka uichoke. Na mto ukijaa unaingia mjini kweli, kwahiyo majira ya baridi sikushauri, angalia kwanza. Ila ukikaa hapo una boti mpaka Beilstein, kijiji kidogo hakina treni, unaenda asubuhi mikono mitupu unarudi mchana, begi lako limelala hotelini.

Namba mbili Lauterbrunnen, Uswisi. Kutoka Interlaken Ost treni dakika ishirini, unatoka stesheni, barabara moja ya lami, na mbele yako maporomoko ya Staubbach yanashuka karibu mita 300 kutoka ukutani mwa mlima. Bonde zima wanasema lina maporomoko 72. Sijayahesabu, mimi nahesabu ngazi. Na ukitaka kukaa juu milimani kuna Wengen, magari ya kawaida hayaruhusiwi, treni ya meno, ile yenye gurudumu la meno linaloshika reli isirudi nyuma, inakupandisha na begi lako mpaka juu kijijini. Waswisi hiki kitu wamekielewa kuliko taifa lolote, mzee wa miaka themanini na fimbo yake anafika juu ya mlima bila kutoka jasho. Mbona haijawa namba moja? Bei. Yani chai. Chai ya rangi, kikombe, maji ya moto na kipakti. Naomba nisiongee.

Tatu Colmar, Ufaransa, nusu saa hivi kwa treni kutoka Strasbourg. Kutoka stesheni mpaka ule mtaa wa mifereji wanaouita Venisi Ndogo ni kama robo saa au zaidi kidogo kwa mguu, ila tambarare, na mawe yanaanza tu ukishaingia ndani. Hapo ndo alizaliwa Bartholdi, yule aliyechonga Sanamu ya Uhuru ya New York, na wameweka nakala yake ya mita 12 kwenye njia ya kuingilia mji. Ushauri wangu tafuta chumba upande wa stesheni, siyo ndani kwenye zile nyumba za mbao zilizopinda, maana zile nyumba ni za karne na karne, ngazi zake ni nyembamba kama za msikitini kwenye mnara, na begi lako litakwama kwenye kona na wewe nyuma yake. Desemba kwenye masoko ya Krismasi usiende na mzee, watu wamebanana kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Brugge, Ubelgiji, ningeipandisha juu kama isingekuwa mawe. Mji wenyewe mzuri mno, hauna mlima, saa moja tu kutoka Brussels. Lakini kutoka stesheni mpaka uwanja wa Markt ni dakika ishirini na kitu na sehemu kubwa ni mawe ya duara duara, begi linapiga kelele ta-ta-ta-ta mpaka watu wanafungua madirisha. Panda basi mbele ya stesheni, usione aibu. Au fanya ninavyofanya mimi, acha begi kwenye makabati ya stesheni uende kutwa nzima, ulale Gent au Brussels. Mnara wa kengele una ngazi 366, hizo ni za hiari, hakuna kitanda juu, kwahiyo siwahesabii.

Sasa Hallstatt, Austria. Najua mtanirushia mawe kwa kuiweka huku chini. Ni kijiji cha watu mia saba na kitu, kipo kwenye urithi wa dunia tangu 1997, Wachina wamekipenda mpaka wakajenga nakala yake Guangdong wakaifungua 2012. Sawa. Ila mtu akikuuzia Hallstatt muulize stesheni ipo wapi. Ipo ng'ambo ya ziwa! Unashuka treni, unateremka na begi mpaka gatini, unapanda boti kwa tiketi nyingine tofauti, unavuka, alafu ndo unaanza kupanda vichochoro. Na boti inafuata ratiba ya treni za mchana, ukifika usiku umekwama upande wa miti. Kuhusu umati, wenyeji walichoka mpaka 2023 wakaweka ukuta wa mbao pale watu wanapopigia selfi, baadaye wakautoa. Kama una miguu ya kijana na begi la mgongoni nenda, ni pazuri kweli. Kama una mama yangu, hapana.

Rothenburg ob der Tauber haraka haraka, unabadili treni Steinach, stesheni ipo nje ya ukuta, dakika kumi na kitu unafika, ndani mawe matupu. Wana kitu kinaitwa Schneeball, unga umekaangwa ukaviringishwa kama mpira, ni visheti vilivyosahaulika kutiwa shira.

Venisi yenyewe mtaniuliza. Madaraja zaidi ya mia nne na karibu yote yana ngazi, zidisha mwenyewe. Na tangu 2024 siku za msimu ukienda kutwa bila kulala wanakutoza euro 5 ya kuingia, ukichelewa kubuki tangu 2025 ni 10. Ya kuingia mjini! Na huko Cinque Terre sikukatazi, ila lala Monterosso, ndo kijiji kilichotandazika zaidi na kina ufukwe, au lala La Spezia kabisa, treni za kuzungukia vijiji zipo nyingi. Corniglia iangalie kwa dirisha.

Za bei poa ni Český Krumlov kule Cheki na Veliko Tarnovo Bulgaria. Bulgaria nayo imeingia Schengen yote, zile nchi za Ulaya zenye visa moja, tangu Januari 2025, kwahiyo visa ni hiyo hiyo. Ya kwanza chukua basi, stesheni ya treni ipo mbali na juu. Ya pili ni vilima, miguu yako na roho yako.

Tukija kwenye hela sasa, maana hapa ndo damu inapochemka. Ada ya visa ya Schengen tangu Juni 2024 ni euro 90 kutoka 80, hiyo ni zaidi ya laki mbili za madafu, na ukinyimwa hairudi. Hairudi! Mtoto wa miaka sita mpaka kumi na moja nusu yake. Juu ya hiyo kuna bima ya kufidia angalau euro 30,000, kuna ada ya wale wanaopokea makaratasi, na kuna madalali wanaouza hata miadi yenyewe. Alafu wanataka waone ulikobuki kulala kabla hawajakupa jibu, na hapo hapo wenye vyumba wanataka ulipe kabisa isiyorudi ndo wakupe bei nzuri. Tafuta ya kughairi bure, hata kama imezidi kidogo, usifanye nilivyofanya.

Na hawa wenye vyumba. Bei inaonekana themanini, ukibonyeza inaongezeka ya usafi, inaongezeka ya huduma, ukifika mlangoni kuna kodi ya mji kwa kila kichwa kwa kila usiku, na anaitaka keshi. Picha imepigwa kwa lenzi ya kupanua, kitanda kinaonekana kipo katikati ya uwanja wa mpira, kumbe ukifungua begi mlango haufunguki. Yule wa Corniglia nilimwandikia kuhusu zile "hatua chache", akanijibu kwamba wageni wengi wanafurahia mazoezi. Mpaka leo sijamjibu, nina jibu lakini ni la Kidigo.

Hapa Ujerumani kulikuwa na nafuu moja, ile tiketi ya mwezi ya treni ndogo ndogo zote nchi nzima, ilianza euro 49 mwaka 2023, ikaenda 58 mwaka 2025, saizi 63. Wanaipandisha taratibu kama maji ya Mosel. Bado inalipa kama mgeni wako anakaa wiki tatu, ila ni mkataba unaojirudia, ughairi mapema la sivyo mwezi unaofuata wanakata tena wakati mgeni ameshafika Tanga anakula samaki.

Dada wa Nairobi, kwa hiyo ukibuki popote mwandikie mwenye chumba swali moja tu, kutoka stesheni mpaka kitandani ngazi ngapi, na akikujibu kwa maneno badala ya namba tafuta kwingine. Na kama ni Mosel niambie tarehe mapema, Septemba na Oktoba ni mavuno ya zabibu vyumba vinaisha. Begi nunua la magurudumu manne makubwa ya mpira. La mama tulilirudisha hivyo hivyo na matatu, kakataa nimnunulie jipya, anasema anawaonyesha watu.