Uzoefu wangu na duka la rangi lililoichelewesha Datsun yangu

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa gari langu dogo la plastiki limekwisha na kila anayeingia sebuleni kwangu husimama kulitazama na kulisifu. Hasira hiyo si juu ya gari, wala si juu ya kiwanda kilicholitengeneza. Ni juu ya duka moja la kuchanganya rangi za magari hapa Lubumbashi, na hasa juu ya bwana mmoja anayekaa kaunta yake, ambaye maneno yake yalilifanya sanduku lenye vipande vya gari hilo likae juu ya kabati kwa miaka.

Gari lenyewe ni maketi, yaani mfano mdogo wa gari unaouunganisha mwenyewe kipande kwa kipande, ya kampuni ya Hasegawa, ya kipimo cha 1/24: Datsun 240Z iliyoshinda mashindano ya magari ya Safari Rally ya mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller pembeni yake, huku 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta, ikishika nafasi ya pili. Mjomba wangu alitengeneza Datsun katika gereji ya Katuba karibu maisha yake yote, na kwake ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza habari za gari jekundu lenye boneti nyeusi lililoziacha Porsche nyuma katika matope na vumbi la Afrika Mashariki. Boneti ilipakwa rangi nyeusi isiyong'aa ili jua lisirudi machoni mwa dereva. Anayelijenga gari hili hana njia ya kuukwepa wekundu wake. Wekundu ukiharibika, hakuna stika itakayoufunika.

Nilipokwenda dukani mara ya kwanza nilibeba kipande cha fremu ya plastiki kutoka kwenye seti, ili wauzaji waone wenyewe ninataka kupuliza juu ya nini. Bwana wa kaunta alikishika, akakikunja kidogo kwa vidole, akasema rangi yao inashika popote. Nilimuuliza kuhusu thina, yaani kimiminika cha kuzimua rangi, na nilimweleza bayana kwamba plastiki hii si ya kawaida na kwamba nisingependa thina itakayoila. "Papa, sisi tunapuliza bampa kila siku," alinijibu. "Bampa si plastiki?" Jibu hilo linasikika kama lina akili, na lilitolewa kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kulijaribu jambo lenyewe. Ukweli ni kwamba bampa nyingi za magari hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo thina ya kawaida haiiyeyushi, wakati maketi za magari karibu zote hutengenezwa kwa polistirini, ambayo ikikutana na toluini au asetoni huyeyuka kama sukari kwenye chai. Hata gundi ya maketi hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: huyeyusha kidogo nyuso za vipande viwili, vikaungana na kuwa kitu kimoja. Muuzaji wa rangi za magari halazimiki kujua habari za maketi, na kama angeniambia hajui, ningemshukuru na kwenda zangu. Aliniambia anajua.

Nilipuliza jioni moja baada ya umeme kurudi. Tabaka la kwanza lilikaa vizuri, likang'aa, na kwa dakika chache nilifurahi. Kisha, juu ya paa karibu na ukingo wa kioo cha nyuma, mng'ao ukaanza kufifia. Nilipoisogeza taa niliona nyufa nyembamba kuliko unywele zikitambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati ya paa, moja ikizaa nyingine, mpaka sehemu nzima ikawa kama udongo wa bwawa lililokauka. Rangi haikuwa imepasuka. Iliyopasuka ni plastiki yenyewe chini ya rangi. Mstari wa mlango wa kushoto, ambao mafundi wa Hasegawa walikuwa wameuchonga kwa usafi wa ajabu, ulikuwa umelainika hata ncha ya kisu haikuweza tena kuufuata. Bodi ya maketi haiuzwi peke yake katika duka lolote la mji huu, wala duka la maketi lenyewe hatuna. Nililifunga sanduku.

Sitaeleza kirefu jinsi bodi ilivyookolewa, maana hiyo ni kazi ya msasa na uvumilivu na haina mengi ya kusimulia. Niliiloweka katika mafuta ya breki, ambayo yaliondoa rangi bila kuidhuru polistirini, nikajaza mastiki penye nyufa, nikasugua kwa msasa na maji, nikaichonga upya mistari ya milango kwa kufuata utepe mgumu. Praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, ya kampuni ya Tamiya ililetwa na binamu yangu kutoka Johannesburg kwa basi, kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kwa sababu makopo ya rangi ya kupuliza hayaruhusiwi katika mizigo ya abiria wa ndege. Duka la huko lilikuwa limeishiwa nyekundu niliyoitaka. Praima hiyo ninaisifu bila kusita hata kidogo: ilikaa nyembamba, ikaonyesha kila mkwaruzo niliousahau, na ikaupa uso ule uliokuwa umeharibiwa heshima yake.

Basi ikanibidi nirudi kwenye duka lile lile, kwa kuwa ndilo ninalolijua lenye mizani ya gramu na fomula za kuaminika. Nilibeba pia kile kichupa cha thina waliyoniuzia, pamoja na kipande cha fremu nilichokichovya ndani yake, ambacho kilikuwa kimejikunja na kusinyaa. Nilisubiri zamu yangu nyuma ya mafundi wa gereji, nikaviweka vyote viwili juu ya kaunta, nikasema kwa sauti ya kawaida: "Kaka, thina hii niliuziwa hapa kwa ajili ya plastiki, na hivi ndivyo ilivyoifanya plastiki yenyewe." Hakukitazama kile kipande. Alitazama picha ya gari kwenye simu yangu, akacheka, akawageukia mafundi waliokuwa nyuma yangu na kuwaambia, "Muzee muzima, na kintu ya batoto!" Baadhi yao walicheka naye. Kisha akaniambia kwamba hawachanganyi chini ya nusu lita, na kwamba kama sikuja na gari, nimpishe aliyekuja nalo.

Ninakubali kwamba sharti la nusu lita lina sababu. Fomula ya nyekundu huwa na rangi kadhaa ndani yake, nyingine kwa kiasi kidogo sana, na ukichanganya gramu chache tu, tone moja la ziada la njano au jeusi linaugeuza wekundu wote. Ningelielewa jambo hilo kama angelieleza. Ningelielewa hata kama angesema tu kwamba ndivyo utaratibu wao ulivyo. Badala yake, nilipokubali kulipia nusu lita nzima kwa gari lenye urefu wa takriban sentimita 17, aliiinua noti yangu ya dola kwenye mwanga, akauona mpasuko mdogo pembeni, akairusha juu ya kaunta hata ikaanguka upande wangu chini. Kila muuza duka wa mji huu hukataa noti iliyochanika, na kwa kuikataa simlaumu. Ninamlaumu kwa kunifanya niiname mbele ya watu kuiokota. Nina umri wa baba yake. Katika mji huu hata mwuza mkaa aliyechoka humwita mteja wake Papa au Mama na kumpa kitu mkononi.

Nilikuwa nimekwisha kugeuka niondoke wakati kijana mmoja alipotoka chumba cha nyuma, akiwa na vidole vyekundu mpaka kwenye kucha, akaniambia, "Papa, usiende. Nionyeshe hiyo plastiki." Alikichukua kile kipande kilichosinyaa, akakinusa, akakigeuza, na swali lake la kwanza lilikuwa: ni thina gani iliyofanya hivi? Nilimpa kichupa. Hakusema neno juu ya mwenzake, jambo ambalo pia ni adabu. Alikwenda akaleta thina nyingine, iliyo laini zaidi na inayokauka taratibu, akaimimina kidogo kwenye kifuniko, akakitumbukiza kipande kizima cha fremu nilichokuwa nacho mfukoni, akakiacha humo muda wote tulipokuwa tukizungumza habari za rangi. Alipokitoa alikikwaruza kwa ukucha, akanipa nami nikikwaruze. Kilikuwa kigumu vile vile. Hilo ndilo jaribio ambalo bwana wa kaunta angeweza kulifanya miaka ile, bila gharama, kabla ya kupokea fedha zangu.

Niliichagua nyekundu kutoka kwenye vipande vya sampuli, na nilimweleza kwamba rangi ya gari kubwa ikiwekwa kwenye gari dogo huonekana nzito, kwa hiyo ningependa iwe angavu kidogo. Hakucheka. Alipima gramu kwa gramu, akiinamia mizani na kuubana mkono wake kwa mkono mwingine ili usitetemeke, akapaka kidogo kwenye kijiko cha plastiki, akakikausha, kisha akanipeleka nje ya mlango tukitazame juani, kwa sababu taa za ndani, alisema, zinadanganya macho. Aliongeza matone machache, tukatoka tena. Nusu lita nzima hakutaka kuniuzia: alinipimia chupa ndogo, iliyobaki akasema ataitumia kwa gari la mteja ambaye nyekundu yake inakaribiana na hii. Kumbe sharti la nusu lita lilikuwa na njia yake, na aliyekaa kaunta hakuitaka tu kuiona.

Kuhusu rangi yenyewe, sina malalamiko hata moja. Niliipuliza katika kile kipindi kifupi ambacho mvua zimekwisha na vumbi jekundu la kiangazi halijaanza kuingia kila mahali, maana katika unyevu wa masika rangi ya aina hii hupatwa na ukungu mweupe, na katika kiangazi hukusanya chembe kabla haijakauka. Tabaka za kwanza zilikuwa nyepesi kama pumzi, kila moja ikiachwa ikauke. Kila baada ya tabaka niliisogeza taa juu ya paa, mahali pale pale, nikatafuta nyufa. Hazikuja. Nilipofika tabaka la mwisho, mstari wa mlango wa kushoto ulikuwa umesimama wazi kama wa kulia. Stika zilizokuwa zimegeuka manjano nilizibandika kwenye kioo cha dirisha ndani ya mfuko wa plastiki mpaka jua likazirudishia weupe, zikakaa juu ya bodi bila kuvunjika. Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka: vioo, taa kubwa za mbele, magurudumu. Datsun ikasimama mezani, imekamilika.

Kwa siku chache baada ya hapo nilitaka kulipa duka hili nyota nne. Wekundu ule ni bora kuliko nilivyotarajia, na kijana wa chumba cha nyuma ni fundi wa kweli, mwenye sikio na subira. Nilifika hata kujiambia kwamba duka hupimwa kwa kinachotoka ndani ya kopo. Nilipoketi kuandika, hata hivyo, niliikumbuka ile noti ikianguka, na vicheko vya nyuma yangu, na nikatambua kwamba rangi nzuri niliipata licha ya duka, kwa sababu mtu mmoja alitoka chumba cha nyuma kwa hiari yake. Mteja mwingine atakayekuja wakati kijana huyo hayupo ataondoka na thina itakayomlia kitu chake, na matusi juu yake.

Nilimwandikia mwenye duka. Alinipigia simu, akazungumza kwa upole, akaniahidi kopo la bure nitakapoanza gari jingine. Nilimshukuru na nikalikataa. Kopo silo ninalomdai. Bwana wake wa kaunta alinicheka mbele ya mafundi wote waliokuwa kwenye foleni, na ninachotaka ni aniombe radhi pale pale kaunta, watu wakiwepo. Mwenye duka alisema ataangalia. Mpaka atakapomaliza kuangalia, ninaacha nyota moja, na hiyo ni ya kijana mwenye vidole vyekundu.