Makaa ya kuchomea nyama Uganda: yapi ununue kwanza, yapi uyaache sokoni

Gunia la makaa pale Kalerwe au Nakawa lina kichwa: yale mapande makubwa yanayochungulia juu ya mdomo wake, yamefungwa kamba ili yasimwagike. Mnunuzi hutazama kichwa, huuliza bei, hulipa, boda boda hubeba. Lakini kichwa hupangwa kwa mkono, pande juu ya pande, na hakisemi lolote kuhusu kilicho katikati na chini, ambako ndiko ziliko chenga, vumbi, mawe na vipande vilivyoiva nusu. Anayepika maharagwe hupoteza pesa. Anayechoma mbuzi nyuma ya nyumba siku ya Jumapili hupoteza nyama yenyewe, kwa sababu juu ya wavu hakuna sufuria ya kuikinga na moshi mbaya.

Mwongozo huu ni wa makaa ya kuchomea tu, na nimepanga aina zake kwa jinsi ningezinunua mwenyewe kwa ajili ya choma ya nyumbani. Wengi wetu tukifika sokoni tunauliza kwanza, "Ni ya mti gani?" Swali hilo ni zuri, ila ni la pili. La kwanza ni kama yameiva. Mkaratusi ulioiva sawasawa tanurini utakupa kuku mzuri kuliko mgunga uliofukuliwa kabla ya wakati wake.

Yameiva au hayajaiva

Tanuri la kienyeji ni magogo yaliyopangwa, yakafunikwa nyasi na udongo, yakawashwa kwa hewa kidogo mno. Kwanza maji hutoka, kisha lami na gesi zinazofanya moshi, na kinachobaki ni kaboni. Tanuri likifika nyuzi 400 hadi 500 na kuachwa lifanye kazi yake, makaa yanayotoka huwa na kaboni kiasi cha robo tatu ya uzito wake au zaidi. Mchomaji akiwa na haraka, labda mvua inakuja au lori linasubiri, magogo ya pembeni hubaki nusu mti nusu makaa. Hivyo ndivyo vijinga. Vikifika kwenye wavu wako humalizia kuungua pale pale chini ya nyama, na lami yake hupanda na kuganda kwenye mafuta. Ule uchungu unaoachwa ulimini si ladha ya moshi. Ni makaa mabichi.

Kuyapima hakuhitaji chombo chochote. Chukua vipande viwili na uvigonge. Yaliyoiva hulia kwa mlio mkali wa chuma; yasiyoiva hutoa mlio mzito wa ubao. Vunja kimoja utazame pale palipovunjika: pawe peusi kabisa na pang'ae, na mistari ya mti bado ionekane. Ukiona rangi ya kahawia ndani, hicho ni kijinga. Paka kidoleni: makaa mazuri huchafua kidogo tu, na hayasagiki ukiyabana. Gome lililobaki juu ya kipande ni dosari nyingine, kwa sababu gome hurusha cheche na huongeza majivu.

Unyevu nao una dalili zake. Makaa hunywa maji hata kutoka hewani, na katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, gunia lililokaa chini ya turubai bovu huwa zito bila faida. Ukipima kwa kilo unanunua maji. Ukiwasha, yatapasuka na kutupa vipande hadi kwenye nguo za wageni.

Sasa kile kichwa. Mwombe muuzaji kwa heshima: "Mama, naomba unifungulie pembeni nione ya chini." Aliyefunga gunia lake vizuri hakatai. Akikataa, nunua debe moja au kopo moja kwake ukajaribu nyumbani kabla ya kulipia gunia zima. Mimi huona jaribio hili ndilo bora kuliko yote: washa makaa ya kopo moja, subiri yashike utando wa majivu meupe, kisha usogeze uso karibu. Kama moshi bado unawasha macho baada ya makaa yote kuwa mekundu, acha hilo gunia.

Nafasi ya kwanza: mkaratusi wa kupandwa, uliokomaa

Najua wachoma mbuzi watanipinga hapa. Kwao makaa ni mgunga, na wana sababu. Lakini hebu tuangalie choma ya nyumbani ilivyo. Unawasha saa nane, nyama inapanda saa nane na nusu, saa kumi watu wamekula. Sifa kubwa ya mgunga ni kudumu, na kwa moto wa saa mbili unalipia udumivu ambao hautautumia. Mabaki yake utayazima kwa maji au yatajiteketeza usiku mkiwa mmelala. Mkaratusi hushika moto haraka, hutoa joto la kutosha kwa kuku, samaki, nguruwe na mbuzi aliyekatwa vipande vya kawaida, na majivu yake si mengi.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ni zito vilevile. Mkaratusi unaouzwa hapa kwa kawaida umepandwa na mtu, ukikatwa huchipua tena kisikini, na shamba lile lile huvunwa tena miaka michache baadaye. Tanuri la udongo hula kilo saba hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya makaa. Kwa hesabu kali namna hiyo, mti uliopandwa kwa ajili ya kukatwa ndio wenye haki ya kuingia tanurini.

Udhaifu wake: ni mwepesi, kwa hiyo huisha mapema na itakubidi uongeze katikati ya kazi. Weka makaa ya akiba yakishika moto kwenye sigiri pembeni ili usiongeze chini ya nyama makaa ambayo hayajawaka. Na uepuke ya matawi machanga. Hayo ni membamba, hupasukapasuka kama maganda na kumalizikia kuwa vumbi ndani ya gunia. Tafuta mapande yanayojaza kiganja, ya shina au tawi nene.

Onyo moja tu kuhusu mti huu. Nguzo za umeme na za uzio nyingi ni mkaratusi uliotiwa dawa ya kuzuia mchwa, na dawa ile ya rangi ya kijani ina shaba, kromiamu na aseniki. Mabaki ya nguzo hizo, kama kuni au kama makaa, yasikaribie chakula kabisa. Mbao zilizopakwa rangi zilizotoka mjengoni ni hivyo hivyo.

Nafasi ya pili: mgunga na mlama

Haya ndiyo makaa ya Nakasongola na ukanda ule wa mifugo unaopita katikati ya nchi. Ni mazito, hulia kama kengele ukiyagonga, joto lake ni kali na hukaa. Ukiwa na mguu mzima wa mbuzi, au sherehe ambayo nyama itapanda wavuni tangu asubuhi hadi jioni, haya yawe ya kwanza na mkaratusi ushuke. Wachomaji wa Namawojjolo na Lukaya, wanaokesha barabarani wakisubiri mabasi, wana haja ya moto wa kudumu. Wewe mwenye familia ya watu wanane huna.

Ukiyanunua, jifunze kuyadhibiti. Gonja, ile ndizi ya kuchoma, juu ya mgunga uliowaka sawasawa huungua nje na kubaki mbichi ndani. Rundika makaa upande mmoja wa jiko, upande wa pili uache mtupu, uhamishe chakula kulingana na joto. Weka machache kuliko ulivyozoea: kwa wavu wa ukubwa wa sinia, kilo mbili zinatosha kuanzia.

Sikuyapa nafasi ya kwanza pia kwa sababu mgunga na mlama wa porini haupandwi na mtu, na sehemu za Nakasongola zimebaki ardhi tupu. Kama muuzaji anaweza kukuambia yametoka kwa mfugaji aliyekuwa anapunguza vichaka kwenye malisho yake, chukua kwa moyo mmoja.

Ya tatu: mwembe na mfenesi

Hupatikana kwa bahati, mti wa shambani ukizeeka au ukianguka. Moto wake ni wa wastani, mtulivu, mzuri sana kwa samaki wa Nalubaale (Ziwa Viktoria), awe sato au sangara. Ukikuta gunia la namna hii kwa jirani, nunua.

Ya nne: briketi

Briketi zimeenea Kampala, zikitengenezwa kwa vumbi la makaa, maganda ya ndizi yaliyochomwa, mabunzi au makapi ya kahawa, zikashikizwa kwa uji wa muhogo au udongo. Kinachoamua ubora ni mambo mawili. La kwanza, malighafi ilichomwa ikawa makaa kabla ya kusindikwa au ilisindikwa mbichi? Ile ya makapi mabichi ni kuni iliyobanwa, na itatoa moshi wa kuni. Kwa kuchoma nyama chukua nyeusi peke yake. La pili ni kishikizi. Yenye udongo mwingi hubaki na jivu zito lenye umbo la briketi ile ile, ambalo hufunika moto na kuuzima pole pole. Yenye muhogo huungua safi zaidi.

Briketi nzuri hazina cheche na joto lake halipandi wala kushuka ghafla. Ubaya wake ni uvivu wa kuwaka, na joto lake halifiki la mgunga, kwa hiyo nyama haipati ule ukaango wa nje. Wanaopenda kuku mzima aive taratibu chini ya kifuniko watazipenda kuliko mimi.

Ya tano: gunia la mchanganyiko

Ndilo linalouzwa zaidi. Ndani yake kuna mti mgumu, mti laini, vijinga na chenga, na moto wake hauna msimamo: kona moja inawaka vikali, nyingine imekuwa majivu. Ukilazimika kulinunua, lichambue. Yaliyo makubwa kuliko yai yaende kwenye wavu, madogo yaende kwenye sigiri ya jikoni, vumbi mpe anayetengeneza briketi. Paini inaangukia humu pia. Makaa yake ni mepesi mno, na yasipoiva kabisa utomvu hurudi kwenye nyama.

Nisiyoyapanga kabisa: makaa ya shea

Kwa joto, makaa ya mti wa shea yanaweza kushindana na yoyote yaliyotajwa hapo juu. Ndiyo maana miti hiyo ilikatwa kwa fujo Acholi na Lango, kaskazini mwa nchi. Mti huu huchukua kama miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa vizuri, na mbegu zake ndizo wanawake wa kaskazini hukamulia "moo yao", yaani mafuta ya shea: ya kupikia, ya kupaka na ya kuuza. Ukiukata unakata kipato cha mama, cha binti yake na cha mjukuu. Mei 2023 Rais Museveni alitoa Amri ya Kiutendaji namba 3 iliyopiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini, na bado malori yameendelea kukamatwa. Muuzaji akikusifia kwamba yake ni "ya Gulu, magumu kweli", mwulize mti. Asipojua, nenda kwa mwingine.

Bei

Usilinganishe gunia na gunia. Hakuna kipimo kimoja: kuna gunia fupi, kuna lililoongezwa kichwa cha mkono mzima, na mkaratusi huwa na kilo chache kuliko mgunga ndani ya ujazo ule ule. Nunua mzani mdogo wa kuning'iniza. Tuseme gunia la 100,000 lina kilo 50: kila kilo ni shilingi 2,000. La pembeni yake ni 85,000 lakini lina kilo 36: kilo moja inakaribia 2,400. Lililoonekana rahisi ndilo ghali. Kisha toa chenga: ukimwaga gunia na kukuta sehemu ya tano ni vumbi, ongeza hasara hiyo kwenye hesabu kabla hujarudi kwa muuzaji huyo. Wakati mzuri wa kununua ya akiba ni kiangazi, Januari na Februari au Juni na Julai, barabara za vijijini zikipitika na makaa yakiwa makavu.

Ukishafika nayo nyumbani

Usiwashe kwa kavera (mfuko wa plastiki) wala kwa mafuta ya taa. Utakuwa umechagua makaa safi halafu ukayatia sumu na harufu kwa mkono wako. Mabunzi makavu ya mahindi, vijiti na karatasi vinatosha. Ukiwa na bati lenye matundu lililo wazi juu na chini, lijaze makaa, washa chini, na ndani ya dakika 20 hivi yatakuwa tayari. Nyama ipande baada ya majivu meupe kufunika, si kabla.

Mvua ikiwakuta katikati, hamisheni nyama, jiko libaki nje. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu ndani ya chumba kilichofungwa hata kama hakuna moshi. Baraza lililo wazi pande tatu ni sawa. Sebule na gereji si sawa.

Gunia lisimame juu ya matofali au mbao, mbali na ukuta unaovuja. Kama limetoka moja kwa moja kwa mchomaji, ingiza mkono katikati kabla ya kulipeleka stoo. Makaa mapya yaliyofungwa yakiwa bado na joto huweza kujiwasha yenyewe, kwa hiyo yamwage uani yakae siku nzima yapoe ndipo uyafunge tena.