Tiketi ya nauli nafuu, Dar–Mwanza: nilivyotozwa kubadili tarehe

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisafiri kwa ndege kati ya Dar es Salaam na Mwanza mara tatu au nne kwa mwaka, na kila mara nimekata tiketi ya bei ya chini kabisa iliyokuwapo siku hiyo, bila kujishughulisha na masharti yake. Safari ya mwezi Machi ndiyo iliyonilazimisha kuyasoma, tena baada ya kulipa. Kwa hiyo tathmini hii haihusu viti, wala karanga na soda zinazogawiwa angani, bali namna shirika linavyomhudumia abiria anayetaka kubadili tarehe au kughairi safari. Shirika lenyewe silitaji.

Nililipa shilingi 312,000 kwa kwenda na kurudi, yaani 156,000 kwa kila upande. Ndege ya kwenda ilikuwa iondoke Alhamisi saa 1:40 asubuhi. Jumanne saa 3 usiku nilipigiwa simu kutoka Muheza kwamba mjomba amefariki na maziko ni Alhamisi. Mwanza nako nilikuwa nasubiriwa Jumapili kwenye kikao cha mahari ya mpwa wangu, hivyo sikutaka kughairi. Nilitaka kusogeza safari ya kwenda hadi Jumamosi tu, na ile ya kurudi ibaki ilivyo.

Masharti ya nauli nafuu yanasema kwamba kubadili tarehe zaidi ya saa 24 kabla ya kuondoka kunatozwa shilingi 30,000, na ndani ya saa 24 kunatozwa 60,000, na katika hali zote mbili abiria hulipa pia tofauti ya nauli. Sina ugomvi na sharti hilo. Kiti kinachoachwa wazi dakika za mwisho ni vigumu kukiuza tena, na aliyenunua kwa bei ya chini amekubali kwamba uhuru wake wa kubadili mawazo umepunguzwa. Ugomvi wangu ni mlango wa kulitekelezea sharti lenyewe. Nilipoingia kwenye tovuti usiku ule, sehemu ya kusimamia safari ilinijibu kwamba tiketi za daraja langu la nauli hubadilishwa ofisini au kwa simu pekee. Kituo cha simu hufungwa saa 2 usiku na kufunguliwa saa 2 asubuhi, na ofisi hufunguliwa saa hiyo hiyo. Muda wangu wa kulipa ada ndogo ulikuwa unakwisha Jumatano saa 1:40 asubuhi, dakika 20 kabla ya mtu yeyote kuweza kunihudumia. Nilituma baruapepe saa 3:25 usiku ili walau pawe na ushahidi kwamba niliomba mapema.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Dada wa dirishani alinipa pole ya msiba kabla hajagusa kompyuta, akaisoma baruapepe yangu kwenye simu, kisha akageuza skrini upande wangu ili nione mwenyewe. Pembeni ya kila safari palikuwa na safu ya herufi, na kila herufi ilikuwa na idadi ya viti vilivyobaki katika nauli yake. Herufi yangu, kwa Jumamosi, ilikuwa na sifuri. Iliyofuata nayo ilikuwa sifuri. Ya tatu ilikuwa na viti vinne, kwa shilingi 249,000. “Baba, ada ni 60,000 kwa kuwa tumeshaingia ndani ya saa 24, halafu tofauti ya nauli ni 93,000,” alisema. Nilimwomba aihesabu saa ya baruapepe. Aliinuka, akaenda kwa msimamizi wake, akarudi na jibu kwamba kinachohesabiwa ni muda ambao mabadiliko yanaingizwa kwenye mfumo, si muda ambao abiria aliomba. Nililipa 153,000, pungufu kwa shilingi 3,000 tu ya nauli niliyolipia upande huo.

Wengi hulalamikia ada, ilhali kinachouma zaidi ni tofauti ya nauli. Hata Marekani, ambako shirika la ndege la United lilitangaza mwezi Agosti 2020 kwamba limefuta ada ya dola 200 ya kubadili safari za ndani, na mashirika mengine makubwa yakafuata, abiria bado hulipa tofauti ya nauli pale safari mpya inapokuwa ghali zaidi.

Kabla ya kulipa niliwaza kuiacha tiketi ile na kununua nyingine ya Jumamosi kwenye shirika jingine. Dada yule alinionya, na ninamshukuru kwa hilo: asiyetokea uwanjani kwa safari ya kwenda hufutiwa na safari ya kurudi, hata kama aliilipia. Sharti hilo lipo kwenye mashirika mengi duniani, na nadhani ndilo linalowashangaza watu kuliko yote wanapofika uwanjani siku ya kurudi na kuambiwa hawana kiti. Kuhusu kughairi kabisa, nauli nafuu hairudishwi, ila kodi na tozo za uwanja ambazo hazijatumika hurudishwa kwa anayeziomba. Fomu ya kuziomba ipo, lakini ofisini kwao haikubandikwa popote, hutolewa ukiulizia.

Niliporudi nyumbani nilipiga hesabu ya nauli ya kati, ambayo wakala wangu hunishawishi kila mara kuinunua. Inauzwa 196,000 kwa kila upande na inaruhusu kubadili tarehe mara moja bila ada hadi saa nne kabla ya safari, ila tofauti ya nauli iko palepale. Kwa safari hii ingenigharimu jumla ya shilingi 445,000, nami nilitumia 465,000. Lakini kama ningefanikiwa kubadili kabla ya ile saa 1:40, jumla yangu ingekuwa 435,000, yaani nauli nafuu ingekuwa rahisi kuliko ya kati hata baada ya kutozwa. Anayenunua nauli ya kati kwenye shirika hili, kwa hiyo, anatoa shilingi 80,000 za ziada ili kujikinga, kwa sehemu kubwa, na simu isiyopokelewa usiku. Mimi nitaendelea kununua ile nafuu, ila sitakata tena tiketi ya ndege ya asubuhi na mapema.

Jambo moja walilifanya vizuri na sina budi kulisema. Nikiwa Mwanza nilipata ujumbe kwamba ndege yangu ya kurudi imesogezwa kutoka saa 10 jioni hadi saa 3 usiku. Masharti yao yanampa abiria haki ya kubadili safari mara moja bila ada wala tofauti ya nauli endapo wao wenyewe watasogeza muda kwa zaidi ya saa tatu, au kudai fedha yake yote. Kiwango cha saa tatu kinakaribiana na kile cha Marekani, ambako kanuni za mwaka 2024 zinampa abiria wa safari za ndani haki ya kurudishiwa nauli ndege inaposogezwa kwa saa tatu au zaidi naye akakataa kusafiri. Nilipiga simu mchana, nikapokelewa, na kwa dakika zisizozidi nne nikawa nimehamishiwa ndege ya asubuhi iliyofuata bila kulipa chochote. Ujumbe wao, hata hivyo, haukuitaja haki hiyo. Ulisema tu kwamba wanasikitika kwa usumbufu. Nilipowaeleza abiria wawili niliokutana nao siku hiyo hotelini, hakuna aliyekuwa anaifahamu, na mmoja wao alikuwa tayari amejiandaa kufika Dar usiku sana.

Baadaye niliandika malalamiko rasmi kuhusu zile dakika 20, nikaambatanisha baruapepe ya Jumanne na stakabadhi, na nikaeleza kwamba nisiporidhika nitayapeleka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Jibu lilikuja siku ya 16, lenye lugha ya heshima, likikubali kwamba niliomba ndani ya muda na kunirudishia shilingi 30,000 kwa njia ya vocha inayodumu miezi sita. Kwenye maandishi madogo chini ya vocha hiyo pameandikwa kwamba tiketi itakayonunuliwa kwayo haiwezi kubadilishwa tarehe.